Kiti cha Nyuma

Endasak, Hanang
22 Aprili 2025

Babu Nikolausi,

Shikamoo, na pole na mvua ambazo redio inasema zinawapiga huko kusini. Najua simu huisikii vizuri tena, kwa hiyo nimenunua karatasi.

Ulikuwa mwalimu wa hesabu, nami nakuletea hesabu. Nina gari dogo, Vitz, lile ambalo Gerald mume wangu aliniachia alipofariki. Desemba ile ya 2023 tope la mlima lililichukua pale Jorodom, likalitupa bondeni. Mafundi waliliosha, wakabadilisha nyaya, injini ikakubali. Mlango mmoja wa nyuma haufungi bila kamba. Tena, nikikanyaga breki kwenye mteremko kuna kitu kinagonga huko nyuma, mara mbili, taratibu, halafu kinanyamaza. Fundi Hhando amelala chini ya gari mara tatu, hajakiona.

Tangu tulipomzika binti yangu Agatha ninaishi hapa kwa Bibi Marieta, mjane wa kaka yako. Watu wa huku juu wanavuna gunia mbili, tatu, basi. Fuso haliwezi kupanda kwa ajili ya gunia tatu. Bodaboda anabeba moja, na likipasuka njiani anakuambia ni shetani. Akina mama wanne wa jumuiya yetu wamesema nikiweza kuwashushia maharage Katesh siku za mnada, kazi ni yangu. Mavuno yanaanza mwanzoni mwa Julai.

Nisipopata njia nitamwachia gari Yusuph wa Katesh. Anataka kulikata auze vipuri. Ananiambia kwa upole kabisa, "Dada, gari likishakunywa tope ni mgonjwa wa moyo." Sitaki likatwe, Babu. Hakuna kitu kingine kilichotoka Jorodom pamoja nami.

Nishauri njia isiyo ghali. Keria ya juu? Tela? Kukodi kirikuu, kile kilori kidogo? Ila usinishauri kutoa kiti cha nyuma. Bolti zimeshika kutu, hazitoki.

Mjukuu wako,
Paskalina Evarist


Namtumbo, Ruvuma
11 Mei 2025

Mjukuu wangu Paskalina,

Marahaba. Barua yako imechukua siku kumi na mbili, si vibaya kwa umbali wetu. Naijibu kwa mpangilio.

Gari lako limetengenezwa kubeba watu watano na mabegi yao, yaani kama kilo mia tatu na hamsini, nawe ukiwa ndani ya hesabu hiyo. Uzito huo hauongezeki kwa sababu umefunga chuma juu ya paa. Keria itakufaa kwa vitu vyepesi: matenga, ndoo tupu, magodoro. Isizidi kilo hamsini. Gunia la maharage juu ya paa linalivuta gari kuelekea bondeni kila unapokata kona, na barabara yenu, kama bado ninaikumbuka, ina kona nyingi na mabonde mengi.

Kirikuu ni kizuri mkikodi watu wanne kwa zamu. Lakini mwenye kirikuu ndiye atakayepanga siku, na siku ya mnada atakuwa amekwenda kwa mwingine.

Njia bora ni hiyo uliyoikataa. Toa kiti cha nyuma. Weka ubao sakafuni ili uzito usambae. Gunia la kwanza na la pili yalale nyuma ya viti vya mbele, yagusane navyo. La tatu lilale nyuma yake katikati. Yafunge kwa kamba kwenye zile ndoano za mikanda. Ongeza upepo wa matairi. Magunia matatu ya kilo tisini na wewe, bado umo ndani ya mpaka. Kuhusu kutu: mimina dizeli kwenye bolti jioni, asubuhi zitalegea. Nimezilegeza ngumu kuliko hizo.

Kugonga huko nadhani ni mpira wa kushikilia bomba la moshi.

Tela usilifikirie.

Shemeji yangu Marieta anaendeleaje? Anaona bado?

Babu yako,
Nikolausi


Endasak
30 Mei 2025

Babu,

Shikamoo. Nimemsomea Hhando barua yako mbele ya karakana yake, akacheka mpaka akavua miwani ya kuchomea. "Huyu mzee alifundisha hesabu au alikuwa askari wa barabarani?" Nikamwambia ni vyote viwili.

Bibi Marieta anaona kwa jicho moja. Anasema linatosha, kwa sababu siku hizi vya kutazama vimepungua. Nilipomwambia umemuuliza, aliendelea kuchambua maharage. Kisha akasema, "Mwambie nachambua maharage."

Sasa habari yenyewe. Nimepata tela, tena la bure! Lipo nyuma ya zizi la Bibi, limezama kwenye magugu, kuku wanatagia humo. Ni dogo, la mbao na chuma, upande wa kushoto limepakwa mstari wa rangi ya buluu, na ndoano yake imepinda. Nimeliona tangu utoto na sikuwahi kuuliza. Hhando amegonga ekseli yake kwa nyundo akasema chuma cha zamani hakina uongo. Atafunga magurudumu mengine na kunyoosha ndoano. Kwa tela hilo nitashusha gunia tano kwa safari moja.

Bibi hapendi. Nilipouliza ni la nani alisema, "Mwenye kuligusa bado hajaja." Nikamwambia, Bibi, mimi nimekuja. Akasema, "Wewe si yeye." Wazee wengine niliowauliza wanatazama mlimani.

Kuhusu kiti cha nyuma, nakihitaji kwa kumpeleka Bibi kliniki ya macho.

Na ule mpira wa bomba tumeubadilisha. Bado kinagonga.

Mjukuu wako,
Paskalina


Namtumbo
8 Juni 2025

Paskalina,

Usilitumie tela hilo. Waachie kuku.

Nitakupa sababu. Tela halina breki zake lenyewe. Kwenye tambarare linakufuata kama ng'ombe mpole. Ukianza kushuka, hasa pale baada ya korongo ambapo njia inakunja kushoto, linaacha kufuata na kuanza kusukuma. Ukikanyaga breki, gari linasimama, tela halisimami. Kama mzigo mzito umepangwa nyuma ya ekseli, mkia wake unaanza kucheza, kulia, kushoto, kulia, na kila unavyosahihisha usukani unauongezea nguvu. Aliyekaa juu ya mizigo hana pa kushika.

Halafu, mwanangu, mimi nimesahihisha madaftari miaka thelathini na minne. Mtoto akinipa majibu mawili kwa swali moja najua kwamba lipo la tatu. Mwezi wa nne kiti hakitoki kwa sababu ya kutu. Mwezi wa tano hakitoki kwa sababu ya macho ya Marieta, ambaye anaweza kukaa mbele. Sikulazimishi uniambie. Nakwambia tu kwamba nimeona.

Nikolausi


Endasak
18 Juni 2025

Babu,

Shikamoo.

Katika barua zangu hakuna mahali nilipoandika kwamba kuna mtu atakaa juu ya mizigo. Ni nani aliyekaa?

Na korongo lenye njia inayokunja kushoto lipo kweli. Ukilitoka, nyumba ya Bibi unaiona juu. Hujafika huku tangu kabla baba yangu hajazaliwa. Kaburi la baba hujaliona, na marehemu alikufa akikuita "yule mwalimu wa kusini" kama anayetaja mtu wa kwenye redio. Lakini kona hiyo unaijua kuliko mimi ninayeipita kila wiki.

Mimi pia nimeona, Babu.

Jumamosi tarehe 5 Julai tutalijaribu tela kwa gunia tano za mama Philomena. Hhando amemaliza magurudumu, bado ndoano. Ukiwa na sababu ambayo si ya hesabu, iandike. Kama huna, niombee.

Paskalina


Namtumbo
27 Juni 2025

Paskalina,

Barua yako imefika leo saa nne. Hii naipeleka mwenyewe stendi na kumpa dereva wa basi mkononi, naye atamkabidhi mwenzake wa Singida. Nimeandika jina lako na la karakana ya Hhando kwa herufi kubwa. Mungu aisogeze.

Aliyekaa juu ya mizigo ni Herman, kaka yangu, babu yako. Aliyeendesha ni mimi.

Ilikuwa Septemba 1974, wakati watu walipoamriwa kuhama mabomani kwao na kukusanyika vijijini. Padri alinipa Volkswagen ya parokia na tela hilo dogo, niwasaidie ndugu zangu. Mstari wa buluu niliupaka mimi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimetoka masomoni nikiwa na cheti cha hesabu, na kila mtu pale alikuwa anajua kuhusu cheti hicho kwa sababu niliwaambia. Herman alisema twende safari mbili. Nikachukua kijiti nikaandika mavumbini, nikamwonyesha kwamba moja inatosha. Mawe ya kusagia ya mama, vitanda, milango miwili, mahindi. Mawe na mahindi niliyaweka nyuma kabisa kwa sababu ndiyo yaliyopakiwa mwisho. Herman akapanda juu ayashikilie. Alikuwa anapiga mluzi.

Kwenye kona ile tela lilianza kugonga kwenye ndoano. Mara mbili, mara mbili. Kisha mluzi haukuwepo.

Baada ya maziko waliniweka kwenye kile kibanda cha chini, peke yangu. Hakuna aliyenipa mkono. Chakula kiliwekwa juu ya jiwe, aliyekileta akaondoka kabla sijatoka. Mama yangu mzazi alisimama mbali kama aliyemwona mgeni. Nilivumilia siku kumi na nane. Nilielewa nilichoambiwa, nikaondoka kabla hawajalazimika kukitamka. Niliwahurumia.

Tangu siku hiyo sijashika usukani. Nikipanda basi nakata kiti cha nyuma kabisa, ili kusiwe na kitu nyuma yangu.

Hiyo ndiyo sababu, na si ya hesabu. Nakusihi usilitumie.

Nikolausi Bura


Endasak
12 Julai 2025

Babu,

Shikamoo. Shikamoo tena, kwa niaba ya baba.

Jumamosi ile tuliamka tukamkuta Bibi Marieta amekaa juu ya ule mti wa kuvutia tela, khanga begani, fimbo magotini, kama mtu anayesubiri lifti. Hhando akamwamkia, kisha akaanza mzaha wake: "Bibi, nauli unayo?" Bibi akamjibu, "Lipa wewe uliyelifungia magurudumu." Hhando akamwomba ashuke. Bibi akasema yuko vizuri pale. Mama Philomena amesimama na gunia zake tano, Hhando ameshika ndoano, mimi nimewasha gari. Tukabaki hivyo mpaka kijana wa bodaboda akafika na bahasha yenye herufi kubwa.

Nilisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye mluzi nilitaka kuruka, Bibi akasema, "Usiruke." Nilipofika kwenye kibanda na chakula juu ya jiwe, aliinua fimbo nisimame. Halafu akaniambia maneno haya, na ameniamuru niyaandike kama yalivyo:

"Mwandikie kwamba yale yalikuwa metimani. Kifo cha namna ile kikiingia nyumbani, kila mtu kiliyemgusa anatengwa. Hali na watu, hapewi mkono, ng'ombe wake wanachungwa peke yao, mpaka siku ziishe na wazee wamfungulie. Hakufukuzwa. Walimpeleka shule ya bweni akiwa na miaka saba, akajua misa kwa Kilatini, vya kwao hakuvijua, na hakuna aliyekumbuka kumweleza kwa sababu tulidhani hakuna Mmbulu asiyejua. Mwandikie kwamba mimi pia nilitengwa. Nilikuwa nyumba ya juu na mimba ya baba yako Evarist, nikila kwenye jiwe langu. Kila asubuhi niliuona moshi wake kule chini. Nilisema moyoni, basi tuko wawili. Siku moja moshi haukutoka."

Nikamuuliza, Bibi, kwa nini hamkumwandikia miaka yote hii? Akasema wazee walikubaliana kwamba tela lisiuzwe wala lisichomwe mpaka aliyeliendesha arudi na kulisogeza kwa mkono wake. Siku zake hazijaisha, ndivyo alivyosema. "Tulidhani anajua, na kwamba hataki."

Basi hatukulisogeza. Hhando alirudisha nyundo kwenye mfuko. Mama Philomena akaanza kutazama magunia yake, na mimi nikajua ni zamu yangu kusema ukweli. Nilisema pale pale mbele yao. Sasa nakuandikia.

Asubuhi ile ya tope nilisikia mlima ukinguruma nikadhani ni mafuriko ya kawaida tu ya mvua, tungeyakimbia kwa gari. Nilimweka Agatha kwenye kiti cha nyuma. Alikuwa na miaka tisa. Nikamwambia, "Kaa hapo, usitoke, nakuja." Nikarudi ndani kuchukua gunia la mbegu za maharage. Mzigo, Babu. Nilirudi kwa ajili ya mzigo. Nilipotoka mlangoni gari halikuwepo, na barabara haikuwepo.

Siku ya tatu walimpata mbali na gari, bila viatu. Nikajiambia alitoka kunifuata, akakimbia, tope likamvua viatu. Mwaka mzima na nusu nimemwona akikimbia pekupeku. Mafundi walipoosha gari niliwakataza kugusa kiti kile. Nilidhani kikiinuliwa, mahali alipokaa pataisha.

Hhando hakufanya mzaha. Alileta spana mbili akanipa moja. Bolti hazikuwa na kutu hata kidogo. Tulipokiinua, tope lilikuwa limekauka chini yake, limepasuka vipande, na katikati ya nyufa vilikuwepo viatu vya Agatha. Vyote viwili. Vimepangwa pamoja, kimoja kimegusa kingine, visigino upande wa ukuta wa gari. Ndivyo alivyovipanga siku zote. Mimi ndiye niliyemfundisha. Kila siku ya mvua nilimpigia kelele, "Vua viatu, usinichafulie gari!"

Hakukimbia, Babu. Hakunifuata. Alivua viatu akakaa, kama nilivyomwambia.

Sijui kama hilo linanipunguzia au linaniongezea. Nimelipima wiki nzima, mizani haikai.

Kiti sasa kiko ukutani nje ya nyumba, Bibi anakikalia anapochambua maharage. Viatu viko ndani. Niliweka ubao kama ulivyosema, magunia mawili yakiegemea viti vya mbele, la tatu nyuma katikati, kamba kwenye ndoano za mikanda. Tulienda safari mbili. Gari lilishuka polepole, halikuyumba. Yusuph alitupokea mnadani, akazunguka gari, akainama kuangalia springi. Akasema, "Kumbe mgonjwa amepona." Hajauliza tena habari ya kulinunua.

Kile kitu hakigongi tena. Lakini kila nikifika mteremko ninakanyaga breki na kusubiri kigonge.

Bibi anauliza: unakuja lini kulisogeza?

Mjukuu wako,
Paskalina


Namtumbo
24 Julai 2025

Paskalina,

Nimeisoma barua yako mara ya kwanza nikiwa nimesimama, mara ya pili nikiwa nimekaa. Nimejaribu kujibu sehemu ya moshi, nimechana karatasi tatu.

Mwambie shemeji yangu kwamba sikuwahi kutazama juu. Kama ningetazama juu ningeona moshi wake.

Kuhusu Agatha, nisikudanganye kwa hesabu. Nakuambia tu ninachokijua mimi: nimeishi miaka hamsini na mmoja na jibu ambalo halikuwa jibu. Wewe umelipata lako mapema, ingawa ni zito. Usilibebe peke yako juu ya paa. Lilaze chini, karibu na wewe.

Nitafika Katesh Jumatatu tarehe 11 Agosti kwa basi la kutoka Singida. Nimekata kiti cha kumi na mbili, katikati. Nina uzito wa kilo sitini na moja na begi moja la kilo tisa. Kama siku hiyo una mzigo wa kupandisha nitasubiri, au nitakaa mbele na mzigo ukae nyuma yetu. Naona nitaweza. Nijulishe kama kuna nafasi, na gari linaegeshwa upande gani wa stendi.

Nikolausi


Endasak
2 Agosti 2025

Babu,

Shikamoo. Naegesha upande wa juu, karibu na wauza vitunguu. Utalijua kwa kamba kwenye mlango.

Bibi ameanza kufagia kile kibanda cha chini. Anasema utalala humo siku chache kwanza, wazee wamalize kilichobaki, na safari hii chakula atakileta mwenyewe na kukaa.

Nitakuwa na mifuko miwili ya saruji, siyo zaidi. Mbele kuna nafasi. Mvua imenyesha Katesh wiki hii bila msimu, stendi nzima ni tope.

Ukiingia kwenye gari, usivue viatu.

Paskalina